Kadi ya Pendo na Meza ya Dirishani

Ninyi vijana mnaofungua kompyuta siku hizi mna bahati, nami siwapendi sana kwa hilo. Kadi ya picha ikizima ghafla mnatoa simu mfukoni, mnaandika maneno machache, na mtu wa mbali asiyewajua anawaonyesha kwa video skrubu ya kuanzia. Sisi tulioanza ufundi Mwanza wakati simu zilikuwa bado za vitufe tulionyeshwa na mzee mmoja tu, na mzee huyo alikuwa na mafundi wawili wa kuwaonyesha. Wa kwanza nilikuwa mimi, Kulwa. Wa pili alikuwa Deo. Kama fundi angekuwa mmoja tu, huenda leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Kazi hiyo nimeiacha. Watu husema nimestaafu, nami nawaacha waseme, ingawa nina miaka arobaini na kitu na hakuna aliyeniaga kwa zawadi za mabati na godoro. Sasa nasindikiza mizigo ya mchele kutoka Magu kuzunguka ziwa, leo Bukoba, kesho Musoma, na kila mji nikifika natafuta duka la kompyuta nisimame mlangoni kunusa. Harufu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, iliyopashwa moto hainitoki puani.

Mzee aliyetufundisha aliitwa Masanja. Duka lake lilikuwa ghorofani, jirani na Makoroboi, na ndani palikuwa na meza tatu. Mbili zilielekea ukutani, moja yangu na moja ya Deo. Ya tatu, yake, ilikuwa dirishani. Meza ile ilikuwa na mwanga, ilikuwa na upepo, na mteja akimaliza kupanda ngazi mtu wa kwanza kumwona ni aliyekaa pale. Sisi wa ukutani alituona migongo tu, akauliza, "Mwenye duka yuko?"

Siku moja Mzee Masanja akatuita, akaweka mkono juu ya meza ile kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Mimi narudi Magu kwenye majaruba yangu," alisema. "Mgongo umechoka kuinama kwa ajili ya vitu vya watu. Mpunga ukiuinamia, angalau unaula. Mmoja wenu atakaa hapa, na duka litakuwa mkononi mwake."

"Nani, mzee?" niliuliza haraka mno. Deo alicheka.

"Yule ambaye kompyuta yake haimrudii. Ikirudi na ugonjwa ule ule, ng'wanawane, mwanangu, hukuitengeneza. Uliibembeleza."

Tangu siku ile sikulala vizuri. Niliitaka meza ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, nami nilijua kwa hesabu ya miaka kwamba ni yangu. Nilimtangulia Deo kufika dukani. Mimi ndiye niliyemwonyesha choo kiko wapi.

Lakini wivu ulikuwa na historia yake kabla ya hapo. Niwape kisa kimoja, na ndani yake mtachukua somo la bure.

Parokia moja kule Buswelu walihamisha meza ya ofisi kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Walipowasha kompyuta, kioo kikawa cheusi. Feni inazunguka, taa za sipiyu zinawaka, ila kioo hakionyeshi kitu. Nikatumwa mimi. Nilikwenda na begi zima. Nikafungua ubavu, nikachomoa ramu, nikaisugua meno yake kwa raba ya shule, nikairudisha. Nikachomoa kadi ya picha, nikaisugua nayo, nikaisukuma mpaka nikasikia kile kibano kinalia tik. Yote hayo ni sahihi, yaandikeni. Kioo kikabaki cheusi. Katibu wa parokia, mama mmoja mpole, alikuwa ameshaniletea soda, na soda ilikuwa inazidi kunitia aibu kila nilipoitazama.

Nikapiga simu dukani. Akapokea Deo. Nilimsikia anatafuna karanga.

"Kulwa, ule waya wa kioo umeuchomeka wapi?"

"Nyuma. Kwani huchomekwa mbele?"

"Nyuma juu, kwenye matundu yaliyosimama, au nyuma chini, kwenye matundu yaliyolala?"

Nikainama kutazama. Waliohamisha meza walikuwa wameuchomeka juu, kwenye matundu ya mazabodi yenyewe. Yaliyosimama. Kadi ilikuwa chini inasubiri kuulizwa na hakuna aliyeiuliza.

"Yaliyosimama," nikasema.

Kule upande wa pili karanga zikaendelea. "Hamishia yaliyolala, kaka."

Nikahamisha, kioo kikawaka, na katibu akapiga makofi. Kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Huyo wa kwenye simu ndiye fundi mkubwa?"

Basi vijana, kabla hujashika bisibisi, tazama waya. Kisha bonyeza kile kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, kompyuta ni nzima, inafikiri, inafanya kazi, ila imefumbwa macho. Usianze kupasua tumbo la mtu mwenye ugonjwa wa macho. Hili nilijifunza Buswelu, nami kila nikilisema naona kama naimba wimbo wa Deo.

Na kulikuwa na zama za kuoka. Mnacheka, lakini ni kweli. Ilisikika mjini kwamba kadi ya picha iliyokufa ukiipasha moto sana, risasi ya kulehemu iliyopasuka chini ya vile vijiwe vyake vyeusi huyeyuka na kujishika tena. Oveni hatukuwa nayo. Tukachukua sufuria, mchanga chini, kadi juu ya bati, kifuniko, mkaa juu na mkaa chini, kama akina mama wanavyooka keki. Mama lishe wa chini alipanda ngazi na mwiko mkononi.

"Leo mnapika nini, mbona kinanuka hivi?"

"Keki ya birthday, mama," Deo alimjibu. "Ya Kulwa."

Kadi yangu ilitoka imejikunja kama chapati iliyosahauliwa, kwa sababu kuna kipande cha plastiki sikukitoa. Ya Deo ilifufuka. Mteja mwenye kadi aliichukua akaenda nayo Misungwi, na alikuja baadaye kuleta kuku wa shukrani. Nilimla kuku yule, nikakuta hana chumvi, nikasema hana chumvi, na hakuna aliyekubaliana nami. Msioke kadi. Siku hizi kuna mashine za kupuliza hewa ya moto zinazofanya kazi ile kwa adabu, na moshi ule si wa kuvutwa na binadamu. Sufuria tuliitupa.

Sasa nifike kwa Pendo, maana yeye ndiye aliyeamua mambo.

Pendo alikuwa mpiga picha wa harusi. Alikodi chumba ghorofani kule Kirumba, dirisha linatazama ziwa, na humo alikuwa anaunganisha video za harusi za nusu ya mji. Alikuwa mteja wangu. Nasema wangu, kwa sababu akipanda ngazi za duka alikuwa anapita mbele ya mzee, anampa shikamoo yake, halafu anakuja moja kwa moja ukutani kwangu. Mteja wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, nami nilimtunza kama yai.

Alikuwa amenunua sipiyu ya mitumba kutoka kwa jamaa aliyeitumia kwa michezo ya kompyuta. Ilikuwa na ubavu wa kioo, na kadi ya picha yenye feni zinazowaka nyekundu, bluu, kijani, zinabadilika kama taa za ukumbi. Ikizidiwa na joto, ilizima picha. Siku ya kwanza alikuja nayo kwenye bodaboda ameikumbatia.

"Kulwa, nakufa. Bwana harusi ananipigia simu kila saa. Nikiwasha inakaa kidogo, halafu kioo giza."

Nikaipokea kama daktari. Nikaifungua, nikakuta mapezi ya kupozea yamejaa uchafu mweusi, mkavu, kama majani ya chai. Nikajua ni vumbi la mjini. Nikalipuliza lote kwa blowa pale mlangoni, nikasugua meno ya kadi, nikabadilisha dawa ya joto juu ya kijiwe chake, nikaiwasha mezani kwangu mchana kutwa. Ikafanya kazi kama mpya. Pendo akanisifia mbele ya mzee. Nikamtazama Deo. Deo alikuwa anafunga skrubu, hakuinua kichwa, na hilo likaniudhi kuliko kama angeninunia.

Ikarudi. Haikumaliza hata mwezi. Uchafu ule ule, kioo giza lile lile. Safari hii nilibadilisha na feni moja, nikaijaribu kwenye mashine nyingine ili nihakikishe kasoro haiko kwenye mazabodi. Kadi ilikuwa nzima. Nikamwambia Pendo aache ubavu wa kioo wazi ili ipumue. Si mimi niliyeanzisha ushauri huo. Mzee Masanja mwenyewe ndivyo alivyotufundisha: joto la Mwanza, mfungue ubavu. Nusu ya kompyuta za mji huu zilikuwa zinakaa matumbo wazi kwa maneno yake.

Ikarudi tena, upesi zaidi. Pendo alipanda ngazi bila sipiyu. Alimwamkia mzee. Kisha akasimama katikati, kati ya mgongo wangu na mgongo wa Deo.

"Usinielewe vibaya, Kulwa," alisema. "Jumamosi nina harusi mbili. Naomba safari hii aje Deo."

Mzee Masanja alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini bila sauti. Nilijua anachokifikiria. Kompyuta imemrudia Kulwa.

"Niende naye," nikasema. "Mimi ndiye ninayeijua."

"Twende, kaka," akasema Deo. "Unibebee begi."

Tulifika Kirumba alasiri. Mimi nilitegemea atafungua. Hakufungua. Aliomba kiti, akakaa, akamwuliza Pendo maswali ya kipuuzi. Huwa unafanya kazi saa ngapi? Jioni, akasema Pendo, mchana niko kwenye kumbi. Dirisha hufungi? Nitafungaje na joto hili? Taa ya chumbani unawasha? Siwashi, naona rangi za video vizuri zaidi gizani.

"Hakuna tatizo," akasema Deo. "Fanya kazi kama kawaida. Sisi tutakaa."

"Tutakaa kufanya nini?" niliuliza.

"Kukaa."

Nilikasirika. Mimi kompyuta zote nilikuwa nazipeleka dukani, mezani kwangu, chini ya taa yangu. Hivyo ndivyo fundi anavyofanya kazi. Huyu alikuwa amekaa kwenye chumba cha mwanamke kama mgeni anayesubiri ugali. Jua likazama nyuma ya mawe, chumba kikaanza kuwa na giza, na zile feni za kadi zikaonekana vizuri, nyekundu, bluu, kijani. Pendo alikuwa ameinamia kioo chake. Kule nje, juu ya maji, moshi ulikuwa umesimama. Mnaujua moshi ule mliokulia ufukweni. Si moshi, ni vijidudu vya ziwani, mamilioni, vikiruka pamoja. Mimi nimekaa Mwanza miaka mingi na nilikuwa nimezoea kuvifuta usoni bila kuvitazama.

Upepo ukavileta. Vikaingia dirishani. Taa ya chumbani haikuwepo ya kuvivuta, kioo cha Pendo kilikuwa kinatazama ukuta, na mwanga mkali uliobaki kulielekea dirisha ulikuwa ndani ya tumbo la sipiyu. Vikaenda pale kwa mstari, kama vimeitwa. Feni zikavivuta, zikavipondaponda kwenye mapezi, kisha vingine, kisha vingine.

Deo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika goti langu.

"Pendo," alisema, "wewe umetega senene!"

"Nimetega nini?"

"Senene! Kwetu Kagera ndivyo tunavyowatega panzi hao wa kula. Unaweka taa kali, unaweka bati, wanakuja wenyewe wanadondokea ndani ya pipa. Wewe taa unayo, pipa unalo, umebakiza sufuria tu." Akanigeukia. "Msukuma, ulikuwa unapuliza kitoweo cha watu kwa blowa."

Pendo naye akacheka, akapiga meza. Nami nilicheka, mdomo tu. Majani yale ya chai! Nilikuwa nimeyashika kwa vidole mara mbili. Kama ningeyatazama kwa karibu, hata mara moja, ningeona mabawa.

Deo akazima zile taa za kadi, akarudisha ubavu wa kioo, akakata kipande cha chandarua cha mbu na kukifunga mbele ya matundu ya hewa, akamwambia Pendo awashe balbu kibarazani, mbali na dirisha, vijidudu viende kule. Kisha ndipo akasafisha kadi, na usafishaji wake haukuwa bora kuliko wangu. Nataka hilo lijulikane. Mapezi niliyosafisha mimi yalikuwa yanang'aa zaidi.

Lakini kompyuta ile haikurudi.

Mzee Masanja alipohadithiwa, nilitegemea atanuna, kwa sababu ubavu wazi lilikuwa somo lake. Hakununa. Alimfanya Deo arudie kisa mara kadhaa, kila mara anacheka pale kwenye senene, na mwisho akasema, "Basi miaka yote nimekuwa nikiwafungulia wadudu mlango." Alilisema kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi. Mimi niliyefuata somo lake neno kwa neno sikumfurahisha kamwe namna ile.

Siku ya kuondoka kwake alibeba redio yake na kofia. Hakutoa hotuba. Alimwambia Deo, "Sogeza vitu vyako." Kisha akanishika bega. "Wewe mikono yako ni mizuri kuliko yake, Kulwa."

"Sasa mbona meza umempa yeye?"

"Mikono ilikuwepo mara zote mbili," alisema, "na kompyuta ilirudi."

Nilikaa ukutani kwa muda. Kila mteja aliyepanda alimwona Deo kwanza, na Pendo naye alipita moja kwa moja dirishani. Hakunidharau, alinisalimia vizuri. Heri angenidharau. Mwishowe nikafunga bisibisi zangu kwenye kitambaa, nikasema naenda Geita kujaribu bahati, na tangu hapo sijakaa mji mmoja msimu mzima.

Mwaka mmoja mizigo ilinifikisha Bukoba msimu wa senene. Jioni giza lilipoanza kuingia nikaona kilimani mwanga mweupe umeelekezwa mbinguni, mabati yamesimama kuzunguka, mapipa chini. Watoto walikuwa wanakimbia kuokota waliokosea pipa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji. Kila mtoto aliyekuwa pale, hata yule asiye na viatu, angeutambua ugonjwa wa kadi ya Pendo kwa kuitazama tu. Niliwaonea wivu watoto. Nilijiuliza mimi utotoni kwetu Misungwi niliona nini ambacho Deo hakuona, kikaja kunifaa kazini. Nimejiuliza mpaka leo. Niliona ng'ombe.

Juzi nimepita Mwanza, nikapanda zile ngazi. Deo amevaa miwani siku hizi, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Bado anakula karanga.

"Kaka! Bado unazurura?"

"Bado. Na wewe bado umekaa?"

"Karibu. Kaa hapo dirishani, kiti kizima ni hicho kimoja. Nikaagize chai chini."

Nikakaa. Kiti kilikuwa kigumu kuliko nilivyokidhania miaka yote hiyo. Nikaweka viwiko juu ya meza, nikatazama nje, na ziwa lilikuwa pale lote, na mbali juu ya maji moshi ule umesimama. Moyo ukaniruka kwa furaha. Deo aliporudi na vikombe sikumpa nafasi ya kuketi.

"Kumbe! Ukikaa hapa unavitazama vijidudu kila msimu! Mtu wa dirishani lazima ajue. Mimi nilikuwa nimegeuzwa ukutani, ningejuaje?"

Deo aliweka vikombe taratibu. "Kulwa. Wakati wa kadi ya Pendo, mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

Nikageuka kutazama ukutani.

"Kushoto kwako," akasema. "Tulikuwa tunagongana viwiko."

Akachukua karanga zake. Hapo tukasikia mtu anapanda ngazi, anahema. Alikuwa dada mmoja, mwalimu kwa mavazi yake, amekumbatia sipiyu. Alimaliza ngazi, akainua macho, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa mimi.

"Habari za kazi, fundi. Kompyuta ya shule. Jana tulihamisha ofisi, leo kioo cheusi kabisa."

"Toka hapo basi, kaka," Deo alininong'oneza, "mteja amekuja."

Sikutoka. Nilikivuta kiti mbele, nikamwonyesha dada mahali pa kuiweka, hapo hapo juu ya meza, kwenye mwanga.

"Ule waya wa kioo," nikamwuliza, "mliuchomeka kwenye matundu yaliyosimama, au yaliyolala?"

Nyuma yangu karanga zikaacha kutafunwa.